Dizeli inayogoma asubuhi: soma moshi kabla ya kufungua injini

Injini ya Toyota 3L au 5L, zile za Hiace na Hilux za zamani, ikianza kugoma asubuhi, utaambiwa haraka kwamba pampu ya dizeli imekufa au injini inataka ringi za pistoni. Mara nyingi si kweli. Ugonjwa huwa kwenye plagi za joto (zinazopasha moto chemba za injini kabla ya kuwasha), betri, au hewa iliyoingia kwenye dizeli, na vyote hivyo hupimwa bila kugusa silinda hedi.

Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Injini ikishawashwa mara moja, dalili zimepotea hadi kesho. Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma atazame ekzosi. Stata ikizunguka na moshi hautoki kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho, dizeli inafika ila haiungui. Hizo ni njia mbili tofauti, na anayezichanganya ndiye anayenunua vipuri asivyovihitaji.

Moshi usipotoka, anza na vali ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu. Ukifungua swichi inapaswa kugonga "tik". Ikinyamaza, pima kama waya wake una volti 12. Ikigonga, tafuta hewa. Pampu huvuta dizeli kutoka tangini, kwa hiyo mpira wa dizeli uliopasuka kidogo unaweza usidondoshe hata tone chini. Wenyewe unaingiza hewa, na usiku dizeli inarudi tangini taratibu. Funga kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu uangalie mapovu. Anza kukagua pampu ya mkono iliyo juu ya filta na sili ya filta yenyewe. Kama ukiipiga pampu ya mkono hadi iwe ngumu gari linawaka papo hapo, jibu umeshalipata.

Moshi mweupe ndio wenye kazi zaidi. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Injini hizi zina chemba ndogo ndani ya silinda hedi kwa kila silinda, na chuma baridi cha chemba hiyo hunyonya joto, ndiyo maana zinahitaji plagi za joto. Dar es Salaam gari huweza kuwaka hata plagi mbili zikiwa zimekufa, likatikisika dakika moja kisha likatulia. Lipeleke Njombe au Limuru mwezi wa Julai, litagoma kabisa.

Kwanza pima kama umeme unafika kwenye bati linalounganisha plagi zote nne, swichi ikiwa imefunguliwa. Usipofika, kagua fyuzi na rilei. Ukifika, lifungue bati hilo, shika taa ya kujaribia kwenye chanya ya betri na uguse ncha ya kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Usiichomeke plagi moja kwa moja kwenye betri kabla ya kusoma volti iliyoandikwa kwenye mwili wake, kwani kuna za volti 6 na za volti 12, na ya 6 ukiipa 12 unaiua. Badilisha zote nne kwa volti ileile. Ukizitoa, zitazame ncha: iliyovimba au kuliwa inaonyesha kwamba nozeli, yaani kinyunyizia dizeli cha silinda hiyo, inamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza.

Plagi zikiwa nzima, geukia mwendo wa stata. Injini ikizungushwa polepole, hewa iliyobanwa inapoa na kuvuja kabla haijafikia joto la kuwasha. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Kisha weka mita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini huku stata ikizunguka. Ikizidi nusu volti, waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, una kutu au umelegea. Ni waya wa bei ndogo, na watu huacha kuukagua wakabadilisha stata nzima.

Nozeli inayodondosha utaigundua injini ikiwa imewaka na iko silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Legeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine. Ukilegeza na moshi ukapungua, umeipata. Funika nati kwa kitambaa kizito, vaa miwani, na usiweke kidole hapo: dizeli ya presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Kupima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, kuwe kwa mwisho. Injini nzima ya 3L husoma kama psi 450. Chini ya 284, au silinda zikipishana zaidi ya 71, sasa zungumza habari za ringi na valvu. Usimwage oili kwenye silinda ukipima kama kwenye petroli. Nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, kipimo kitakudanganya.

Spreyi ya kuwashia na kitambaa cha petroli visitumike kabisa kwenye injini yenye plagi za joto. Mvuke hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi zilizokuwa nzima zinavunjika.

Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Wa bluu ni oili: ukitoka sekunde chache asubuhi kisha ukaisha, shuku sili za valvu, ukitoka safari nzima, shuku ringi. Mweusi hautokani na baridi. Safisha filta ya hewa, kisha uliza kama kuna mtu aliyeigusa skrubu ya mafuta kwenye pampu.