Muulize Bibi: Maua Yangu Yalinyauka Kabla Mama Mkwe Hajaketi

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeolewa Kibosho, Moshi. Mbele ya nyumba nina waridi nyekundu, dalia, zinia na bogenvilia, na kando ya mfereji yameota mayungiyungi meupe. Jumamosi iliyopita mama mkwe alikuja kwetu mara ya kwanza tangu tujenge. Saa sita mchana, nilipomaliza kupika, nilichuma maua ya kila aina nikayalaza kwenye ungo, nikafagia sebule, kisha nikayapanga kwenye jagi la kioo mezani, kando ya sinia la ndizi mbivu. Saa kumi alipoingia, bogenvilia ilikuwa imesinyaa na waridi zimeinamisha shingo. Maji yalikuwemo tele. Nilikosea wapi?
Msomaji, Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua uchungu wa kumwandalia mtu kitu kizuri kikakufia mkononi.

Kosa lako la kwanza ni ule ungo. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye banda la kupanga waridi, shamba moja karibu na Usa River. Kule mchumaji haingii kwenye mistari bila ndoo yenye maji. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi nililaza waridi mezani nikaenda kunywa chai, dakika ishirini tu. Niliporudi, msimamizi alinishika mkono, akazamisha vikonyo kwenye beseni na kuvikata upya humo humo ndani ya maji, kimoja kimoja, nikitazama. Akaniambia: ua likishakatwa linaendelea kuvuta, na likikosa maji linavuta hewa. Hewa ile inaziba vijinjia vya kikonyo, na hapo hata ukilizamisha kwenye pipa, maji hayapandi. Shingo ya waridi ndiyo laini kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo inaanza yenyewe kuinama.

Basi siku nyingine toka na ndoo saa kumi na mbili asubuhi, umande bado upo. Saa sita jua limeshalinyonya ua, unachuma kitu chenye kiu tayari. Tumia kisu kikali, au mkasi wa bustani, ukate kwa mshazari, na utumbukize ndooni papo hapo. Ng'oa majani yote yatakayokuwa ndani ya maji, maana yakioza yanazalisha bakteria, nao wanaziba kikonyo vilevile kama hewa. Kisha iache ndoo mahali penye kivuli na ubaridi, kwa muda wa saa mbili tatu, maua yanywe yashibe. Ndipo uyapange.

Kila ua lina wakati wake wa kukatwa. Waridi likate likiwa tumba, petali za nje zimeanza tu kulegea. Dalia ngoja ifunguke karibu yote. Ikikatwa tumba haitafunguka tena chomboni. Zinia ishike chini kidogo ya ua uitikise: shingo ikilegea, iache siku mbili zaidi, ikisimama imara, kata. Mayungiyungi yako ya mferejini yana kikonyo kinene chenye maji mengi, huoza upesi, kwa hiyo yapewe maji ya vidole vitatu tu. Utomvu wake unawasha, nawa mikono na uwaweke watoto mbali.

Bogenvilia usijilaumu. Ile rangi unayoiona ni majani; ua lenyewe ni kile kijiua cheupe cha katikati. Ikikatwa haivumilii. Iache getini, ndiyo kazi yake.

Na ndizi! Tunda likiiva linatoa gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha mkungu ukiufunika. Ua nalo likiivuta linazeeka. Hamisha sinia upande wa pili wa chumba, na jagi lisikae dirishani kwenye jua.

Kwenye maji, lita moja, tia kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya Jiki. Sukari ni chakula cha ua, Jiki inawazuia bakteria. Usitie sukari peke yake, utakuwa umewapikia wao. Badilisha maji kila baada ya siku mbili na ukate tena kikonyo, ncha ya kidole tu.

Kupanga kwenyewe kunanihangaisha kidogo kuliko hayo. Anza na majani, yapishane ndani ya jagi mpaka yashikane kama wavu. Maua utakayochomeka humo hayatayumba. Refu kabisa lipite jagi kwa kimo cha jagi lenyewe na nusu yake. Maua makubwa weka chini, matumba juu. Mimi napenda matatu au matano ya aina moja yakae karibu karibu, kuliko moja moja lililotawanyika kama limepotea.

Kwa majani, ningekwambia uchume masale mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, hukaa majini wiki nyingi. Lakini kwanza muulize mumeo au wazee wa hapo. Kwa Wachaga sale si pambo tu. Ndilo jani la amani, linalopelekwa kuomba msamaha. Wakikubali, chomeka mawili katikati ya waridi. Mama mkwe ataliona kabla hajaona kitu kingine.

SWALI: Bibi, shikamoo. Niko Tanga. Asumini ninayochuma asubuhi kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa kifuani, ikifika usiku imegeuka rangi ya chai. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo lile la asubuhi limeshamaliza usiku wake. Chuma alasiri, tumba zikiwa nyeupe, zimejaa na bado zimefumba. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uzitunge magharibi pamoja na rehani na mkadi, zitafunguka zikiwa tayari kifuani. Shika kikonyo, usishike petali, maana pale kidole kilipominya ndipo pale pale panapobadilika rangi.