Mama alishika kaunta, nikadhani anaangalia bei

Shikamoo mama. Naandika kwa sababu ndugu zangu wamenikasirikia na mimi mwenyewe silali vizuri. Likizo iliyopita nilimchukua mama yetu, ana miaka 71, tukaenda kutembea mji mwingine kwa siku nne. Siku ya pili tukaifanya ya manunuzi na kula vizuri. Tulitoka saa 4 asubuhi, tukazunguka sokoni hadi saa 7, tukala tukashiba hasa, kisha nikasema tumalizie duka la vyombo ndipo turudi. Kwenye foleni ya kulipa mama akashika ukingo wa kaunta. Nilidhani anaangalia bei ya kitu, kumbe anaanguka. Tulimlaza, tukamnywesha maji, baada ya nusu saa akawa sawa. Jioni daktari alimpima akasema hana tatizo kubwa. Kaka yangu anasema sikumpa maji. Nilimpa, chupa mbili nzima! Na utabiri ulisema nyuzi 33 tu. Nilikosea wapi? Mwakani anataka twende tena. Nimkatalie?
Binti wa Pili

Marahaba, mwanangu. Nakuamini kuhusu hizo chupa mbili. Na kabla sijasema lolote jingine: usimkatalie.

Nimekuwa muuguzi miaka 29, na hilo lililompata mama yako nililiona likimpata dada yangu mkubwa, mbele ya macho yangu, nimeshika mifuko mikono yote miwili. Ujuzi wangu wote haukunisaidia, kwa sababu akili ilikuwa kwenye mashuka niliyokuwa nayalipia. Nilimwomba muuzaji kiti, akaniambia kile ni cha wafanyakazi. Nikamkalisha dada juu ya mashuka yenyewe, yakiwa bado kwenye nailoni. Tangu siku hiyo nikiingia duka lolote na mtu mzima, macho yangu hutafuta kiti kwanza, bidhaa baadaye.

Sasa tazama yaliyokutana pale kwenye kaunta. Mwili ukipata joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke. Mama alikuwa ametoka kula mlo mzito, kwa hiyo tumbo nalo limeita damu yake. Halafu amesimama wima kwenye foleni, na mtu akisimama bila kutikisa miguu damu hutuama chini. Ngozi inadai, tumbo linadai, miguu imeshikilia, kichwa kinabaki na damu haba. Kijana hali hiyo haimsumbui, moyo wake huongeza mwendo na mishipa hujikaza. Kwa wazee wengi presha hushuka baada ya kula hata wakiwa wamekaa nyumbani kwenye ubaridi, na kushuka huko huweza kuendelea kama saa mbili tangu mlo. Hukumnyima maji. Ulimsimamisha, na ameshiba, saa ileile ambayo mwili wake haukuwa na akiba.

Hizo nyuzi 33 nazo zilikudanganya, ingawa utabiri haukusema uongo. Joto la utabiri hupimwa kivulini, kipimajoto kimewekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya ardhi kama kimo cha kifua cha mtu. Wewe hukutembea ndani ya kisanduku hicho. Ulitembea juu ya lami, katikati ya kuta zilizoanza kunyonya jua tangu alfajiri, ukipita nyuma ya maduka ambako viyoyozi hutemea nje joto vinalolitoa ndani. Miji ina joto kuliko mashamba yanayoizunguka, na hilo si jambo jipya: Mwingereza Luke Howard alikwisha kulionyesha kwa vipimo vyake vya London alivyochapisha kuanzia mwaka 1818, kabla hata ya gari la kwanza kupita pale.

Kisha kuna saa. Wengi wetu tunaogopa jua la utosi, saa 6 mchana, tukiona limesogea tunajiambia limepoa. Hewa yenyewe hufika kilele cha joto baadaye, mara nyingi kati ya saa 8 na saa 10, kwa sababu ardhi huendelea kuipasha. Lile duka la vyombo mlilifuata saa mbaya kuliko zote.

Ungeniuliza nikupe jambo moja tu, ningesema mwakani igawe siku vipande viwili na katikati iache tupu. Sokoni na kwingine kokote kwa wazi nendeni mapema, saa 2 asubuhi mkiweza, wakati wauzaji wanapanga na kuta zingali baridi. Saa 5 muwe mmesharudi mlikofikia. Mle kidogo, chakula chepesi, mama alale au akae miguu ameiinua. Msitoke tena mpaka saa 11 jioni, hata kama kuna duka linafunga saa 10. Wewe utaona umepoteza nusu siku. Mimi ninavyoona, hiyo nusu ndiyo itakayompa mama nguvu ya kufurahia jioni. Ule mlo mkubwa mliokuja kuula hamishieni usiku, baada ya manunuzi, mkiwa mmekaa na hamna foleni inayowangoja.

Kuhusu maji, usimuulize mama kama ana kiu. Kwa mtu wa umri wake kiu huchelewa kuja, na mama zetu hawa hata ikija watakujibu "niko sawa". Mpe kikombe mkononi, kidogo kidogo, kila mnapopumzika. Usimmiminie chupa nzima kwa mpigo, maji mengi mno ya haraka huzimua chumvi ya damu na kuleta kizunguzungu kingine. Hata kijana mwenye afya asifike lita 1 na nusu kwa saa. Maji yaende na chakula chenye chumvi ya kawaida. Na kama anatumia dawa za presha, hasa zile za kumfanya akojoe sana, au ameambiwa apunguze maji au chumvi, amwone daktari wake kabla ya safari. Asijiachishe dawa mwenyewe.

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya. Siku nne hazitoshi, kwa hiyo mama atakuwa mgeni wa hilo joto kuanzia anafika hadi anaondoka, mpange hivyo.

Jambo la mwisho ulikate ulibandike ndani ya pochi. Mtu akizidiwa na joto, kisha akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, hajui alipo, au amezimia na mwili unachoma, hiyo si kizunguzungu cha foleni. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaumia. Ita msaada wa hospitali palepale, na wakati mnangoja mtoe juani, mloweshe maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Usimpe kitu kinywani kama hana fahamu.

Mwambie kaka yako asome hapa. Na mnunulie mama kile kiti kidogo cha kukunja, chenye kamba ya kuning'iniza begani. Ukikibeba wewe, hatakukatalia kukikalia.

*

Habari za kazi, mama. Mke wangu na mimi tukiwa likizo hatuelewani kwenye chakula. Yeye anataka hoteli yenye vyakula vimepangwa mezani kila mtu anajipakulia, kwa sababu pamefunikwa vitambaa vyeupe na panaonekana pasafi. Mimi napenda kula kwa wapishi wa barabarani. Ana haki ya kuniita mchafu?
Baba Mapacha

Njema, baba. Hana haki ya kukuita mchafu, lakini na wewe usishangilie bado.

Joto la mchana ni shamba la vijidudu. Kati ya nyuzi 5 na 60 huzaliana kwa raha, na hapo katikati ndipo hewa ya mji wenye joto ilipo siku nzima. Chakula kilichopikwa kisikae hivyo zaidi ya saa 2, na siku hewa ikipita nyuzi 32, saa 1 inatosha kukikataa. Kwa hiyo kitambaa cheupe hakinielezi kitu. Napeleka mkono juu ya sahani ile kubwa: mvuke unanichoma? Kama chakula ni vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto, naondoka, hata pawe na maua mezani.

Mpishi wa barabarani anayekaanga mbele yako, ukapokea kikiwa bado kinafuka mvuke, amekupa chakula ambacho moto umetoka kukipitia sasa hivi. Hapo nakubaliana na wewe. Ila tazama kinachofuata baada ya moto. Sahani ameisuuza kwenye ndoo gani? Mkono uliopokea pesa ndio uliogusa kachumbari? Nyama mbichi iko wapi, na kisu ni kimoja? Mimi nikisimama dakika tano pembeni bila kuagiza, najua kama nitakula.

Wali uogope popote, hotelini na barabarani. Ukiachwa kwenye joto kuna bakteria anayeachia sumu ndani yake, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa tena. Barafu nayo si dawa, baridi huwalaza vijidudu, haiwaui. Matunda nunua mazima, yaosheni na mmenye wenyewe. Kwa hao mapacha wako beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vipimwe kwa kusawazishwa. Chumvi isizidi hapo hata kidogo.

*

Shikamoo. Ni fundi cherehani. Nilinunua kitambaa usiku nikiwa matembezini, kikanivutia kweli, kijani cha kuiva. Asubuhi nimekifungua ni kama tope. Dukani hawarudishi. Nimeonewa?
Fundi

Marahaba, fundi. Kama hawakukificha, sidhani umeonewa. Taa ya dukani haina mwanga wa aina zote kama jua, kwa hiyo rangi mbili zinazofanana chini yake zinaweza kuachana kabisa nje. Umeshika kitambaa mikononi maisha yako yote, unalijua hili, ila likizo hutusahaulisha. Vitambaa na rangi nunua asubuhi, ile saa 2 niliyomwambia binti hapo juu, na mwombe muuzaji ruhusa ukifungue mlangoni, upande wenye mwanga usio wa jua moja kwa moja. Viatu ndivyo vya jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na joto huuvimbisha zaidi. Ila ukitoka moja kwa moja juani kaa kwanza kwenye ubaridi robo saa, ndipo uvijaribu.

Hicho cha tope usikitupe. Kifanye bitana.