Semina ya siku moja haimfanyi mtu mhesabu ndege

SWALI: Tuko watu wazima 22 hapa Mida, Watamu: wavuvi, akina mama wauza samaki na walimu wastaafu. Tunataka kuchangia Ramani ya Ndege ya Kenya, ile ya kurekodi ndege gani wanaonekana wapi nchini. Mkufunzi mmoja anasema siku moja yatosha kwa kuwa simu ndiyo itakayotambua ndege, na kila mtu ataondoka na cheti. Wazee wetu hawajui majina ya Kiingereza. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe. Kaskazi ikikaribia hunijia maswali kama haya, na mwenye vyeti hakosekani.

Kiingereza kisikusumbueni. Mvuvi aliyezeeka na maji ya Mida anajua nani hutua maji yakianza kutoka. Kitabu chenye picha kitamfikisha kwenye jina. Kinachomshinda mtu mzima ni kusema "sijui" mbele ya wajukuu zake.

Niliwahi kukaa topeni na mzee mmoja, mbele yetu ndege mweupe. "Yangeyange," akasema, kalamu mkononi. Yupi? Wa ng'ombe ana mdomo wa manjano. Mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya manjano. Na pwani yetu kuna wa tatu anayefanana sana na huyo mdogo, ila baadhi yao huwa kijivu cha kukoza. Mzee akashika darubini, akangoja. Vidole vilikuwa vimezama topeni, ndege akaruka kabla hatujaviona. Akafunga kalamu bila kuandika kitu. Simu ingempa jina palepale, naye angelipokea.

Ramani hii haitafuti orodha ndefu. Kila mraba ni dakika 5 za latitudo kwa 5 za longitudo, kama kilomita 9 kwa 9. Unatafuta ndege kwa muda usiopungua saa 2, unaandika kila spishi mpya kwa mpangilio ulivyoiona au kuisikia, na unaweza kuendelea kuongeza hadi siku 5. Baadaye huangaliwa ni orodha ngapi kati ya zote zina ndege fulani. Kwa hiyo anayemruka kunguru kwa kuwa "kila mtu anamjua" ameharibu hesabu sawa na aliyebuni tai. Wahitimu wa siku moja humruka kunguru karibu wote. Hata sijui huwa wanafundishwa nini baada ya chai ya saa nne.

Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi tangu 1971. Mgeni hutembea na mzoefu wiki baada ya wiki. Nanyi pangeni wawiliwawili: kila mmoja ahesabu kundi lilelile kimya, kisha mlinganishe. Mmoja akipata 60 na mwenziwe 140, hapo ndipo somo linapoanza. Fanyeni hivyo msimu mzima kabla ya kutuma chochote. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye ramani, kulitoa ni kazi, na kuna mtu atakayelitegemea akiamua shamba gani lifyekwe.

Wauza vyeti hao wapo pia kwenye kasa, matumbawe na mikoko. Kwenye mikoko ndiyo zaidi: miche huchomekwa popote penye tope, watu hupiga picha na fulana mpya, basi. Mwaka ukipita waulize mingapi imesimama. Watakutajia idadi iliyopandwa.