Maswali ya fedha: mitumbwi mitatu, ziwa moja

Wiki hii maswali yote yametoka mkoani Kigoma, na karibu kila mmoja anataka kujua kipi kinalipa zaidi. Hilo ni la pili. La kwanza ni kujua mali ulizonazo zinaweza kukwama pamoja kwa sababu gani.

Nina mitumbwi mitatu ya dagaa Kibirizi. Nimemkopesha mdogo wangu akanunua injini ya boti, na mke wangu ana banda la chai mwaloni. Nimepata milioni nne. Niongeze mtumbwi? – Mvuvi, Kibirizi

Usiongeze, mzee wangu. Ukihesabu una vitega uchumi vitatu: mitumbwi, mkopo na banda. Mimi naona kimoja. Kumbuka Ziwa Tanganyika lilivyopumzishwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mtumbwi umekaa mchangani, aliyekopa injini hana cha kurejesha, na wateja wa chai ni wavuvi hao hao, mifuko imekauka. Hata bila kufungwa ziwa, kila mwezi mbalamwezi ikiwaka taa zenu hazivuti dagaa, na banda nalo linapoa.

Mwaka 1952 Mmarekani Harry Markowitz aliliweka jambo hili kwenye hesabu, na mwaka 1990 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Alionyesha kwamba wingi wa mali peke yake haupunguzi hatari. Kinachoipunguza ni mali hizo kutopanda na kushuka kwa pamoja. Mtumbwi wa nne unakuongezea samaki mwezi mzuri na hasara mwezi mbaya.

Ningekuwa mimi, kwanza ningetenga matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande, na ukitaka pesa yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Kinachobaki ningekielekeza kwenye michikichi. Miche ya Tenera, aina bora ya mchikichi ambayo mbegu zake huzalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapo hapo mkoani, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mchikichi haujui ziwa limefungwa. Kitakachokusumbua huko ni bei ya mawese na uangalizi wa shamba, lakini hayo ni matatizo mengine kabisa, na ndicho tunachokitafuta.

Nina milioni tano. Niweke fiksi benki au ninunue hatifungani ya serikali? – Mwalimu, Kasulu

Mwalimu, jiulize pesa hiyo utaihitaji lini. Ada ya mtoto ya mwakani iache benki. Pesa ya kustaafia ndiyo ya hatifungani, yaani unaikopesha serikali kwa miaka mingi nayo inakulipa riba. Unaanzia milioni moja, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia kwenye akaunti kila miezi sita.

Tazama hesabu. Hatifungani ya miaka 25 iliyotoka mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Kwa milioni tano, hiyo ni shilingi 797,500 kwa mwaka. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani mpya za muda huo hadi asilimia 12.56, yaani shilingi 628,000. Aliyenunua mapema hakuguswa; anaendelea kupokea ile ile, na akitaka kuuza, karatasi yake ina thamani kubwa kuliko hizo za asilimia 12.56. Ila kisu hicho kina makali pande zote: riba mpya zikipanda, yako ya zamani itauzika kwa hasara. Usipouza, unasubiri mwisho wa muda na mtaji wako unarudi wote.

Kuna kundi la WhatsApp linatoa asilimia 30 kila mwezi. Rafiki yangu keshalipwa mara mbili. – Kijana, Ujiji

Laki moja ikikua hivyo bila kuguswa, baada ya mwaka inakuwa zaidi ya milioni 2.3, na baada ya miaka miwili zaidi ya milioni 54. Mwenye biashara ya namna hiyo anatafuta nini na laki yako? Rafiki yako kalipwa kwa pesa za walioingia nyuma yake. Mchezo wa upatu wa DECI ulikuwa hivyo hivyo hadi serikali ilipoufunga mwaka 2009: watu "walipanda" wakisubiri "kuvuna". Waombe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, uone watakavyokuondoa kwenye kundi.

Kikoba chetu kinagawana vizuri kila Desemba. Nihamishie akiba yote huko? – Mama muuza dagaa, Mwanga

Yote hapana, mama. Kikoba ni kizuri na usikiache, lakini kama wanachama wote mnauza dagaa, ziwa likifungwa mtahitaji mkopo siku moja wote, na sanduku ni lile lile. Hakikisheni pia mmesajiliwa halmashauri. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo.

Nibadilishe akiba iwe dola? – Mfanyabiashara, Kigoma Mjini

Kama unalipia mzigo nje kwa dola, weka kiasi cha mzigo huo. Kama matumizi yako yote ni ya shilingi, hapo unacheza kamari. Waliokimbilia dola katikati ya 2024 waliiona shilingi ikipanda kwa kasi kabla mwaka haujaisha.