Maswali na Majibu: Waacheni Wapime Wenyewe

Njia ya kisayansi ina hatua sita au saba? Vitabu vinapingana. (Mwalimu wa kidato cha kwanza, Singida)

Swali hili haliishi kuletwa, na jibu halijabadilika: inategemea kitabu ulichoshika. Kimoja hutenganisha kukusanya data na kuichambua, kingine huviweka pamoja. Mwanafunzi aliyezikariri zote bila kuwahi kupima chochote hajui hata moja.

Shikamoo mwalimu. Shule yetu ya kata haina maabara. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia kwenye maharage. Tafuta makopo mawili yanayofanana, udongo wa shimo moja, mbegu tano kwa kila kopo. Moja likae dirishani, jingine kabatini. Maji kiasi kile kile, saa ile ile. Kabla ya kupanda, kila mwanafunzi aandike miche ipi itakuwa mirefu zaidi na kwa nini. Aandike kwa wino. Penseli hufutwa matokeo yakishaonekana.

Wengi watataja dirishani. Siku ya kufungua kabati watakuta miche mirefu, myembamba, imepauka na kulala. Ya dirishani mifupi, imenenepa, ya kijani. Darasa litalipuka. Usikimbilie kueleza! Waache wabishane kama urefu ndio afya, na miche ya gizani ilikula nini. Atatokea mmoja wa kusema ilikula akiba ya mbegu, na huyo atakuwa amekufundishia kipindi.

Kosa la kila mwaka ni kumwagilia kopo la dirishani na kulisahau la kabatini. Ukishabadilisha vitu viwili, huwezi kujua kipi kimeleta tofauti. Na usipande mbegu moja moja: ikioza, mtasema giza limeiua.

Naweza kupata wapi ripoti za majaribio zilizokwisha kujazwa, wanafunzi wanakili? Mtihani umekaribia.

Si kwangu. Upikaji wa data huanzia hapo, na wengine huenda nao mpaka chuo kikuu.

Wanafunzi wangu wamepima maji yanayochemka wakapata nyuzi 94. Kitabu kinasema 100. Niwasahihishe? (Mbeya)

Ole wako. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Ile 100 ya kitabu ni ya usawa wa bahari, Tanga au Mtwara. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyeandika 100 kamili.

Ila msiishie kushangilia. Wahakiki kipimajoto: wakitumbukize kwenye barafu inayoyeyuka, kisome sifuri au karibu kabisa. Kikisoma 4, matokeo yote yanarudi mezani. Na kisiguse chini ya sufuria.

Ni kweli maji ya moto huganda kabla ya maji baridi?

Wakati mwingine, na bado wanasayansi wanabishana. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kujaribu. Makala yao ilitoka 1969. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Sawa, hivyo ndivyo inavyotakiwa: anayepinga apime. Yule mwalimu hakupima.

Mkiwa na friza, rudieni wenyewe. Vikombe vya aina moja, maji kiasi kimoja, mara kadhaa mkibadilishana nafasi. Msiviweke juu ya barafu iliyoganda sakafuni mwa friza: kikombe cha moto kitaiyeyusha, kikae kwenye chuma chenyewe na kupoa haraka, halafu sifa mtayapa maji.