Mafundi watatu, bei tatu, na mmoja wao ni shemeji

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nauza juisi ya ukwaju na barafu za ubuyu hapa nyumbani, faida yake kama 9,000 kwa siku. Friji niliinunua ya mtumba kwa 420,000 miaka miwili iliyopita. Alhamisi usiku umeme ulikatika, ukarudi hafifu, taa zikawa nyekundu. Tangu siku hiyo taa ya friji inawaka lakini haigandishi. Inanguruma kidogo, inalia 'tik', inanyamaza, baada ya dakika chache inarudia tena. Iko kwenye ekstensheni moja na blenda. Mdogo wa mume wangu ni fundi. Ameigusa tu mgongoni akasema kompresa imekufa, 280,000, na anataka 200,000 leo. Fundi wa mtaani anasema gesi imeisha, 80,000. Fundi wa jirani anasema 35,000 itapona, hajaeleza zaidi. Nina 300,000 ya kikoba, ya kurejesha. Mume wangu anasema nikimpa kazi mtu mwingine nitakuwa nimemdhalilisha ndugu yake. Usiku silali. Nifanyeje? Mama Ukwaju."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si zile bei. Ni ile "tik". Umeisikia vizuri, ukaiandika vizuri, na mafundi wote watatu hakuna aliyekuuliza habari zake.

Kabla ya lolote, leo usitoe hata shilingi. Pesa ya kikoba ikae ilipo.

Unasema umepewa bei tatu. Mimi naona umepewa magonjwa matatu. Shemeji anatibu kompresa, wa mtaani anatibu gesi, wa jirani hajasema anatibu nini. Bei za namna hiyo hazilinganishwi, kama usivyoweza kuweka bei ya dawa ya malaria pembeni ya bei ya kung'oa jino ukasema hii ni nafuu. Kwanza ujue kinachouma. Ndiyo maana hulali: unapiga hesabu ya kitu ambacho hakijatajwa.

Sasa tuisikilize friji yako. Kompresa, lile jungu jeusi chini kwa nyuma, ndiyo moyo wake. Friji iliyoishiwa gesi kwa kawaida kompresa yake huendelea kunguruma muda wote bila kunyamaza, ila ubaridi hauji. Yako haingurumi hivyo. Inajaribu kuanza, inashindwa, halafu kuna kidude cha ulinzi kinachokata umeme ili isiungue. Hiyo ndiyo "tik" unayoisikia. Kikishapoa kinaruhusu umeme, inajaribu tena. Kwa hiyo huyu wa gesi, kwa dalili ulizoniandikia, mimi ningemweka pembeni.

Kitu kinachoshindwa kuanza kina sababu chache tu. Umeme unaweza kuwa hafifu. Unaotakiwa kwenye soketi ni volti 230 hivi, na ukishuka sana, kompresa inakosa nguvu ya kujisukuma. Au rilei imeungua, yaani kile kidude cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa ili kuiamsha, kidogo kiasi cha kufichika kiganjani. Au kweli kompresa yenyewe imegoma. Hizo sababu tatu gharama zake ni mbali na mbali, kuanzia bure mpaka pesa yote ya shemeji.

Anza na ile ya bure. Chomoa friji, iache ipumzike nusu saa, kisha ichomeke peke yake kwenye soketi ya ukutani, saa ambayo taa za nyumbani zinawaka vizuri. Ekstensheni nyembamba yenye blenda na friji pamoja ni mateso kwa kompresa hata siku umeme ukiwa mzuri. Ikiwaka na kuendelea kunguruma, umeokoa pesa yako. Ikirudia "tik", izime kabisa na uiache imezimwa. Kila jaribio linaichemsha, na ukiiacha ijaribu usiku kucha utaiua iliyo hai.

Isipowaka, sasa aitwe fundi, na umwombe apime mbele yako. Wewe usifungue chochote kwa mkono wako, kuna umeme mle. Kaa tu pembeni uangalie. Atachomoa rilei. Mwambie aitikise karibu na sikio lako: nyingi zikiungua hupasuka ndani, zikalia kama njugu kwenye ganda. Ikilia hivyo, huo ni ushahidi wa kutosha kununua rilei kabla ya kuzungumza habari ya kompresa. Halafu kwenye kompresa kutabaki pini tatu. Fundi anazipima kwa mita, kile kifaa chake cha mkononi cha kupimia umeme, mbili mbili, na kila jozi inatoa namba. Namba mbili ndogo ukizijumlisha zinatakiwa zikaribiane sana na ile kubwa. Mwambie azitaje kwa sauti, uziandike. Kisha apime pini na chuma cha kompresa. Hapo mita isisome kitu, ikisoma ujue umeme unavujia kwenye mwili wa chuma. Namba zikikataa, kweli kompresa imekufa. Zikikubali, bado inaweza kuwa imekwama kimitambo, lakini hilo linasemwa baada ya kuifungia rilei nyingine nzima na kuiona inagoma. Kazi hiyo yote haizidi muda wa kupika ugali.

Mimi mwenyewe nililiwa kwa kutokuangalia. Nilijaza gesi mara mbili ndani ya miezi mitano, kwa fundi yuleyule. Gesi ya friji haiishi kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua maana yake kuna tundu. Fundi wa tatu alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, tukatazama wote. Kwenye friza, pale nilipokuwa nachokonoa barafu kwa kisu, povu likaanza kuchemka taratibu. Tundu lilikuwa langu, lakini pesa ya mara mbili ililipwa kwa sababu sikuwahi kuuliza gesi imekwenda wapi.

Sasa huyu wa 35,000. Usimdharau kwa sababu ni rahisi, huenda ndiye aliyeisikia "tik" ile. Muulize: unabadilisha nini? Akikwambia rilei na ulinzi wake, anaongea lugha ya ugonjwa wako. Akisema "we niachie tu mama", usimwachie.

Tuseme vipimo vimeonyesha kompresa imekufa kweli. Hapo 280,000 inaweza kuwa bei ya haki au isiwe, na utajua tu ukiipasua. Kompresa peke yake bei gani, mpya au iliyotumika? Filta je? Mabomba yakishakatwa filta lazima ibadilishwe, na fundi anayeiruka anakuachia unyevu na uchafu ndani. Gesi aina gani? Angalia kibandiko ndani ya friji au mgongoni, kimeandikwa R134a au R600a pamoja na gramu zake. Haziingiliani, na kompresa mpya iwe ya gesi hiyohiyo. Kama ni R600a, ujue inashika moto, jiko lisiwake karibu wakati anaitoa au kuijaza. Ana pampu ya kuvuta hewa kabla ya kujaza? Mwisho, hela ya ufundi ni kiasi gani? Spea mnaweza kwenda kuinunua pamoja Kariakoo, risiti ikawa mkononi mwako, na kompresa ya zamani ibaki kwako. Dhamana iandikwe kwenye karatasi, na miezi yake itajwe.

Halafu pima na maisha yako. 280,000 ni theluthi mbili ya bei uliyonunulia friji nzima, tena ya mtumba. Ni faida yako ya mwezi mmoja na siku moja, kabla hujanunua hata unga wa watoto. Mimi gharama ikivuka nusu ya bei ya kupata nyingine nzima ya aina hiyohiyo, huwa nasimama. Ningeitengeneza tu kama mwili wake ni mzima, mpira wa mlango unabana, na nilikuwa sioni inakula LUKU kupita kiasi. Mpira unaupima kwa noti: ifungie mlangoni nusu nje, ivute. Ikitoka bila kubanwa, baridi inatokea hapohapo. Rilei, kwa upande mwingine, hata ukiilipia hiyo 35,000 yote, ni faida ya siku nne. Hiyo hata usijadili, tengeneza.

Sasa shemeji. Hapa ndipo naona unapoumia zaidi, na mumeo hajakosea kutaka ndugu yake aheshimiwe. Mpe kazi shemeji. Nasema kweli, mpe yeye kwanza. Lakini mpe kazi ya kupima, na umlipe hela ya kupima, taslimu, siku hiyohiyo. Mwambie mbele ya kaka yake: "Shem, hii pesa ni ya kikoba, nitaulizwa. Naomba unipimie na mita, uniandikie kila kitu na bei yake, twende wote kununua spea." Hakuna tusi hapo. Anaweza kuwa amesema kweli, na vipimo vitamsafisha mbele ya nyumba nzima. Inawezekana pia alisema haraka kwa sababu ana shida ya pesa, na watu wa nyumbani huona haya kukopa. Kama ndivyo, ni heri akuombe mkopo mdogo kuliko kukopa kupitia kompresa. Akikataa kupima, zungumza na mumeo mkiwa wawili tu, taratibu. Mwonyeshe hizo namba: siku nne, na mwezi na siku moja. Umwulize yeye angechagua ipi kwa pesa ya wanakikoba.

Kwa siku hizi mbili tatu, nunua barafu ya bonge, weka juisi kwenye ndoo yenye mfuniko, uuze kidogo kidogo wateja wasikuhame.

Friji ikipona, tafuta gadi, kile kifaa cha kuchomeka kati ya soketi na friji. Kinazuia umeme ukiwa hafifu, na ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu. Siku ya kukabidhiwa, mpe fundi nusu ya hela ya ufundi. Weka kikombe cha maji kwenye friza, funga, mwache aende. Ukiamka asubuhi na maji yameganda mpaka chini, mpigie simu, mlipe iliyobaki, na kama ni shemeji, mshukuru mbele ya kaka yake.