Mbunge wa jimbo na suala la dhamana
Ndugu, umeuliza kama mbunge wa bunge la jimbo la British Columbia, Kanada, anaweza kweli kubana dhamana kwa wahalifu sugu, kama taarifa yake inavyodai. Peke yake, hapana. Sheria ya jinai ya Kanada, dhamana ikiwemo, hutungwa na bunge la taifa, Ottawa. Jimbo lina waendesha mashtaka, jela za mahabusu na bili ya polisi: vijijini, kwa mkataba wa RCMP (polisi wa taifa), jimbo hulipa asilimia 70, serikali kuu 30. Hapo ndipo pa kumbana: waendesha mashtaka wameongezeka? Ukitaka kumuuliza pia kuhusu uchumi, kutambua vyeti vya wauguzi na wahandisi waliosomea nje ni mamlaka ya jimbo, na taarifa haigusi hilo hata kidogo.